Kikoa bandia cha SACCOS yetu: nani ana haki ya kujua aliyekisajili?

Katibu_Tanga

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo cha wauza samaki hapa Tanga. Tuna wanachama mia mbili na kitu, wengi wao akina mama wa sokoni, na tuna tovuti ndogo yenye kikoa (yaani jina la anwani ya tovuti) kinachoishia na .com, ambako mwanachama husoma matangazo na kupakua fomu ya mkopo. Mwezi uliopita mama mmoja alikuja ofisini na simu mkononi, akitaka kujua mkopo wake umefikia wapi, kwa kuwa alikwishalipa shilingi 25,000 za kufungua faili. Sisi hatutozi ada ya kufungua faili. Aliponionyesha ukurasa alikojaza fomu niliona nembo yetu, picha ya mkutano wetu mkuu na hata jina langu mwenyewe. Nilipoisoma anwani herufi kwa herufi ndipo nilipogundua kwamba herufi l iliyomo katika jina letu imeondolewa na pahali pake pamewekwa tarakimu 1. Kwenye kioo cha simu ndogo, kwa macho ya mtu aliyeamka saa tisa usiku kuwahi mnada, tofauti hiyo haionekani.

Kijana mmoja alinielekeza kwenye ukurasa wa utafutaji wa ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani. Nilipata tarehe ya usajili, ambayo ni siku kumi na tisa kabla ya mama yule kulipa, pamoja na jina la kampuni ya usajili iliyoko Marekani, majina ya seva mbili na nchi ambayo si Tanzania. Lakini penye jina la mmiliki, mtaa, simu na barua pepe, kila mstari umejibu kwa maneno yaleyale ya Kiingereza, kwamba taarifa imefichwa kwa ajili ya faragha.

Swali langu ni hili. Nikitaka kujua wenye kampuni nakwenda BRELA, nalipa ada na kupewa taarifa. Nikitaka kununua kiwanja nafanya upekuzi ardhi kabla sijatoa hata senti. Kwa nini basi rejista ya vikoa ifungwe? Je, ilikuwa hivi tangu mwanzo, na mtu aliyetapeliwa ana njia gani halali ya kuomba afunguliwe?

Fundi_wa_Seva

Dada Katibu, poleni kwa yaliyowapata. Kazi yangu ni kuhifadhi tovuti za watu hapa Dar es Salaam, na swali lako naulizwa mara kwa mara, ingawa si kwa ufasaha huo.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Waraka wa kwanza wa huduma ya kutafuta katika rejista, iitwayo WHOIS, uliandikwa mwaka 1982, wakati mtandao wenyewe ulikuwa ARPANET ya watafiti na wanajeshi wa Marekani, na rejista ilitunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI huko California. Lilikuwa daftari la simu tu: mtumiaji aliombwa aache jina, anwani ya posta na namba ya simu, ili mwenzake akihitaji kumpata asihangaike. Walikuwa wachache, na wengi wakijuana. Kisha biashara ikaingia, na daftari likarithiwa lilivyo. ICANN ilipoanzishwa mwaka 1998 na kuanza kuidhinisha kampuni za usajili, mikataba ilizitaka kampuni hizo zionyeshe kila kitu kwa kila mtu, bure, bila kumwuliza anayetafuta ni nani wala anatafuta kwa sababu gani. Kwa takriban miaka ishirini, mtu aliyekaa Tanga aliweza kusoma namba ya simu ya nyumbani ya mtu wa Oslo.

Mlango ulifungwa tarehe 25 Mei 2018, siku ambayo kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, ile GDPR, ilianza kutumika, ikiwa na faini inayoweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya kampuni ya mwaka mzima duniani. Wiki moja kabla, ICANN ilikuwa imepitisha masharti ya muda yanayoruhusu mistari hiyo kufichwa. Muda huo ulikuwa wa mtu anayesema "nakuja sasa hivi": sera ya kudumu ilianza kutumika kikamilifu tarehe 21 Agosti 2025. Nayo inahusu vikoa vya jumla kama .com na .org. Vikoa vya nchi, yaani .tz, .ke na vingine, vina taratibu zake vyenyewe.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo wengi hulikosa. Rejista kuu ya .com inaendeshwa na Verisign, lakini Verisign haishiki jina wala simu ya mwenye kikoa. Inajua tu ni kampuni ipi ya usajili iliyokiuza. Taarifa za mtu ziko kwa kampuni hiyo peke yake. Kwa hiyo kumwandikia Verisign ni kupoteza wakati, na kumwandikia ICANN akupe jina ni vivyo hivyo, kwa sababu ICANN haina jina hilo la kukupa.

Ushauri wangu ni kwamba usiyakodolee macho yaliyofichwa. Soma yaliyobaki. Umepata tarehe ya usajili, na kikoa chenye umri wa siku kumi na tisa kinachodai kuwa chama cha miaka mingi kimekwisha kujishtaki chenyewe. Umepata pia jina la kampuni ya usajili, na chini yake, ukiangalia vizuri, kuna barua pepe na simu ya kupokelea malalamiko ya matumizi mabaya. Mistari hiyo miwili haifichwi. Tangu tarehe 5 Aprili 2024 mikataba ya ICANN inaitaka kampuni ya usajili ichukue hatua ya kusitisha ikiletewa ushahidi unaotosha kwamba kikoa kinatumika kuhadaa watu ili kuwaibia taarifa zao. Waandikie kwa Kiingereza kifupi, uambatanishe anwani kamili ya ukurasa wa uongo, anwani ya ukurasa wenu wa kweli, na picha za kioo zinazoonyesha sehemu ya anwani na saa. Usiandike insha. Anayepokea anasoma malalamiko mengi kwa siku, na ukimlazimisha kutafuta ushahidi katikati ya masikitiko atakupita.

Mwandishi_Mombasa

Naomba kutofautiana kidogo, si na Fundi bali na msingi wa swali lenyewe.

Mwaka 2014 nilisajili kikoa kwa jina langu ili niweke makala zangu. Fomu ilidai anwani na simu, nami kwa uaminifu wa mtu asiyejua nikaandika namba yangu na mtaa ninaokaa na mama yangu. Kabla ya wiki kuisha nilianza kupigiwa na watu wa ng'ambo wanaouza huduma za tovuti, wengine saa nane za usiku. Ikaja na barua iliyofanana na ankara, ikinitaka nilipie kikoa changu kwa kampuni ambayo sikuwahi kufanya nayo biashara, na nusura nilipe. Hayo ningeyavumilia. Lakini nilipoandika makala kuhusu ugomvi wa kiwanja, mtu ambaye hakupendezwa nayo aliweka mtaa wetu na simu yangu hadharani, na alipoulizwa alizipata wapi akajibu, bila haya, kwamba ziko wazi kwa kila mtu. Alikuwa anasema kweli.

Dada Katibu, unalinganisha na BRELA na ardhi, nami naona mfano huo haukai sawa. Anayekwenda kupekua hati anajaza fomu, analipa, na anaacha jina lake. Anayetafuta katika WHOIS ya zamani hakuacha chochote. Tena palikuwa na watu waliokuwa wakiikomba rejista nzima kwa programu na kuuza nakala zake, na nakala hizo hazikufutwa siku sheria ilipobadilika: taarifa zangu za 2014 bado zinauzwa na kampuni zinazotunza kumbukumbu za zamani. Na mwizi wako, je? Unaamini kwamba angeandika jina lake la kweli? Mimi mkweli ndiye niliyeanikwa, naye angeandika jina la kubuni na kulala usingizi.

Mpembuzi_Bonn

Da Mwandishi, yaliyokupata ni ya kweli na yamewapata wengi; sitayapunguza. Ila hoja yako ya mwisho, kwamba taarifa za mwizi ni za uongo na kwa hiyo kuzificha hakujatupunguzia kitu, naipinga, na naipinga kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka kadhaa huku Ujerumani, katika kitengo kinachopokea malalamiko ya ulaghai.

Mwongo ana tabia moja: anajirudia. Mtu anayesajili vikoa arobaini kwa usiku mmoja habuni watu arobaini. Anabuni mtu mmoja, anampa mtaa usiokuwapo na barua pepe moja, kisha anabandika hayo hayo katika fomu zote arobaini kwa sababu ya uvivu. Kabla ya Mei 2018 tulikuwa tukipokea malalamiko kuhusu kikoa kimoja bandia cha benki, tunachukua ile barua pepe ya uongo, tunaitafuta katika rejista, na vinatokea vikoa vingine thelathini na tisa, vingi vikiwa bado havijaanza kutumika. Tuliwaandikia wasajili, yaani kampuni za usajili, vikafungwa kabla mtu hajaibiwa. Jina la mwizi hatukulijua wala hatukulihitaji. Siku mistari ilipofichwa tulipoteza uzi ule uliokuwa ukiunganisha uongo mmoja na mwingine, na tukabaki kufukuza kila kikoa peke yake, baada ya mtu kulia. Zipo njia nyingine: kumbukumbu za wazi za vyeti vya usalama vya tovuti huonyesha majina mapya karibu mara tu yanapopewa cheti, nasi tunazitegemea sana. Lakini zinakuonyesha kikoa. Hazikuonyeshi kwamba hiki na kile ni vya mkono mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo kosa kubwa, na halikusababishwa na sheria. GDPR inamlinda mtu, binadamu mwenye mwili, si kampuni. Rejista ilipofungwa, wasajili wengi walificha vyote kwa pamoja, mtu binafsi na kampuni, kwa kuwa kutofautisha kunagharimu na kukosea kunatozwa faini. Ndiyo maana leo ukitafuta duka kubwa la mtandaoni, lenye mtaji wa mabilioni, unaweza kukutana na maneno yale yale yanayomlinda Da Mwandishi na mama yake. Huko Ulaya wameliona hilo. Agizo la usalama wa mtandao la mwaka 2022, liitwalo NIS2, linazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba taarifa za usajili zisizo za mtu binafsi zinawekwa wazi bila kuchelewa, na kwamba mwombaji mwenye sababu halali anajibiwa ndani ya saa 72. Kujibiwa si lazima kuwe kupewa. Lakini afadhali saa 72 za "hapana" kuliko miezi ya kimya.

Tena kwa kuwa niko Bonn, niongeze kwamba mahakama ya hapa ndiyo iliyokuwa ya mwanzo kuliamulia jambo hili. Mara tu kanuni ilipoanza, ICANN ilikuja kuishtaki kampuni ya usajili ya EPAG, iliyokataa kuendelea kukusanya taarifa za wasimamizi wa kiutawala na wa kiufundi ilhali taarifa za mmiliki zinatosha. Siku chache tu baadaye mahakama ikaikatalia ICANN amri iliyoiomba. Yaani mjadala haukuwa wa kuonyesha tu, ulifika hadi swali la kama kuna haki ya kuuliza.

Wakili_Nairobi

Dada Katibu, pole sana. Nitajibu kipengele cha njia halali, kwa sababu naona wenzangu wameingia kwenye utamu wa mjadala wakakuacha mlangoni.

Unaweza kuomba kufunuliwa taarifa moja kwa moja kwa msajili, au kupitia mfumo wa maombi ambao ICANN iliuzindua Novemba 2023 kama jaribio. Mfumo huo hauna ada, unafungua akaunti na kujaza fomu, na ombi lako linapelekwa kwa msajili husika iwapo msajili huyo amejiunga, kwani kujiunga ni hiari. Usitarajie kwamba ICANN itakuamulia. Uamuzi ni wa msajili, akipima haja yako dhidi ya haki za mwenye kikoa. Chini ya sera iliyoanza Agosti 2025 msajili anatakiwa akiri kupokea ombi ndani ya siku mbili za kazi na alijibu ndani ya siku 30. Ombi linalofaa linasema wewe ni nani na una mamlaka gani ya kukisemea chama, unaomba mistari ipi hasa, na utaitumia kwa nini. Anayeandika "naomba taarifa zote" hukataliwa. Anayeandika "naomba jina na barua pepe ili tufungue shauri la ulaghai, na hii hapa namba ya jalada la polisi" walau anasomwa hadi mwisho. Ukishajibiwa, jihadhari pia: msajili aweza kukufunulia jina, nalo likawa la kampuni ya kuficha wenye vikoa, yaani pazia nyuma ya pazia.

Ipo na njia ya usuluhishi wa majina ya vikoa, ambayo ICANN iliipitisha mwaka 1999 na ambayo WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la mali bunifu, ni mmoja wa wanaoisimamia. Uzuri wake ni kwamba unafungua malalamiko hata bila kumjua mtu, kisha msajili analazimika kumtajia msimamizi wa shauri taarifa za mmiliki na kukifunga kikoa kisihamishwe. Ubaya wake ni gharama: kwa WIPO, mwamuzi mmoja kwa kikoa kimoja hadi vitano ni dola 1,500 za Marekani. Tena mnatakiwa kuthibitisha kwamba mna haki ya alama ya biashara katika jina hilo, jambo ambalo vyama vingi vya akiba havijawahi kulifikiria. Na mwisho wa shauri mnapata kikoa, hampati shilingi 25,000 za yule mama.

Kwa maoni yangu mmeshika mkia wa ng'ombe huku pembe ziko mbele yenu. Fedha zililipwa kwa simu. Namba iliyopokea imesajiliwa Tanzania kwa alama za vidole, na polisi wakiwa na jalada chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 wanaweza kuifuatilia kwa haraka kuliko kuisubiri kampuni ya Marekani. Kikoa ni cha kufungwa. Mtu ni wa kutafutwa kwa njia ya fedha.

Na likitokea jina, tafadhali lisirushwe kwenye kundi la WhatsApp la wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, inawahusu nanyi pia, na huenda jina hilo likawa la mtu aliyeibiwa kitambulisho chake.

Fundi_wa_Seva

Namuunga mkono Wakili. Akina mama waliopokea ujumbe mfupi wenye kiungo kile wautume pia kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ya kupokea taarifa za utapeli wa simu. Na Dada Katibu, hebu tafuta kikoa chenu cha kweli kama ulivyotafuta kile cha uongo, kisha utuambie umeona nini. Nina sababu ya kuuliza.

Katibu_Tanga

Nawashukuru wote, nami nimechelewa kurudi kwa kuwa nilitaka nirudi na jibu.

Malalamiko kwa msajili niliyatuma Jumatatu jioni, kurasa mbili pamoja na picha nne. Alhamisi asubuhi ukurasa ule haukufunguka tena, na nilipotafuta kikoa chenyewe niliona mstari wa hali umebadilika kuonyesha kwamba kimesimamishwa. Ombi la kufunuliwa jina nililipeleka pia, kwa mpangilio alionipa Wakili. Lilijibiwa baada ya siku kumi na moja, kwa heshima, kwamba wanahitaji amri ya mahakama. Kamati imekaa na kuamua kutoiomba amri hiyo, kwa sababu wakili wa kule angetugharimu zaidi ya walichoibiwa wanachama wote saba tuliowapata hadi sasa. Jalada la polisi limefunguliwa kwa msingi wa namba ya simu, na hilo linaendelea.

Sasa jibu la Fundi. Nilitafuta kikoa chetu, na kila mstari umefichwa. Jina la chama halipo, Tanga haipo, mtaa haupo, vimebaki vya kampuni ya usajili tu. Nilichukua karatasi mbili, ya chetu na ya kile cha uongo, nikaziweka sambamba mezani, na mwenyekiti alipoingia nikamwomba anionyeshe ipi ni yetu. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akachagua kwa tarehe. Nilipopigia kampuni iliyotuuzia ndipo nikajua kwamba barua pepe iliyoandikishwa kama ya mwenye kikoa ni ya kijana aliyetutengenezea tovuti, ambaye aliondoka Tanga miaka miwili iliyopita, na kwamba kila mwaka ule ujumbe wa kutukumbusha tuhakiki taarifa ulikuwa ukimfikia yeye.

Tumempata kwa simu, ni mtu mwema, na ametusaidia kuhamisha anwani ile iwe ya ofisi. Nimejaza pia fomu ya ridhaa ili jina la chama lionekane wazi, bila simu ya mtu yeyote. Wamesema litachukua siku chache. Nikiliona nitaweka picha hapa.